Utiifu usiohoji ni mlango wazi kwa wadukuzi

Wahenga walinena kuwa wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi. Methali hii tumezoea kuitumia tunapozungumzia vita vya risasi na mabomu. Leo nataka kuitumia kwa vita vya namna nyingine, visivyo na moshi wala mlio, ambavyo nyasi zake ni shule, hospitali, benki, vyama vya ushirika na ofisi za serikali. Nazungumzia mashambulizi ya mtandaoni, na jinsi uhasama wa mataifa pamoja na akili bandia unavyoyabadilisha mbele ya macho yetu.

Wakubwa wa taasisi zetu wanapoulizwa juu ya hatari hii, aghalabu hutaja mitambo waliyonunua au wanayokusudia kununua. Sina ugomvi na mitambo. Lakini nionavyo mimi, tundu kubwa zaidi haliko humo. Limo katika mazoea yetu ya kutii agizo la mkubwa pasipo kuuliza swali. Tundu hilo lilikuwapo tangu zamani. Kilichobadilika ni kwamba sasa kuna mashine inayoweza kuigiza sauti na sura ya mkubwa huyo, na wapo maadui wa mbali wenye sababu za kuitumia.

Naanza na uhasama wa mataifa. Mnamo tarehe 27 Julai 2023 ilibainika rasmi kwamba huduma za eCitizen zilikuwa zimetatizwa. Huo ndio mtandao ambao serikali ya Kenya ilikuwa imehamishia maelfu ya huduma zake, yakiwemo maombi ya pasipoti, leseni za udereva na viza za wageni. Wasafiri wa gari moshi la SGR walitatizika kukata tikiti, wanunuzi wa stima wakakosa tokeni, na huduma za kutuma pesa kwa simu zikayumba. Waziri wa Habari na Mawasiliano wa wakati huo, Bw Eliud Owalo, alithibitisha kwamba mtandao ulikuwa umeshambuliwa, akasema hakuna data iliyopotea. Mbinu iliyotumika haikuhitaji kuvunja kufuli. Washambulizi waliufurikia mtandao kwa maombi ya uongo hata yale ya kweli yakakosa nafasi, mithili ya kundi la watu wasio wagonjwa wanaojazana mlangoni pa zahanati ili wagonjwa wasiingie.

Kundi lililojiita Anonymous Sudan lilidai kuhusika, likatoa na sababu: eti Kenya ilikuwa ikiingilia mambo ya Sudan. Ikumbukwe kwamba vita vya Sudan vilikuwa vimezuka Aprili mwaka huo, na serikali ya nchi hiyo ilikuwa imemkataa Rais William Ruto kuongoza juhudi za upatanishi za IGAD ikidai kwamba alipendelea upande wa pili. Basi mzazi aliyekuwa akitafuta pasipoti ya mwanawe anayekwenda masomoni ng'ambo alijikuta akiulipia ugomvi wa kidiplomasia asioujua kichwa wala mkia.

Wapo waliodhani kwamba nyuma ya kundi hilo kulikuwa na dola kubwa. Mnamo Oktoba 2024 waendesha mashtaka wa Marekani walitangaza kuwafungulia mashtaka ndugu wawili, raia wa Sudan, wakiwahusisha na mashambulizi zaidi ya 35,000 katika muda wa mwaka mmoja hivi, likiwemo lililoikumba hospitali moja ya Los Angeles hata wagonjwa wa dharura wakaelekezwa kwingine. Hayo ni madai ya upande wa mashtaka, lakini hata yakiwa madai yanatufundisha jambo. Zamani, kuizuia serikali ya nchi nyingine isiwahudumie raia wake kulihitaji manowari bandarini. Sasa yadaiwa kwamba watu wawili wenye kompyuta wanatosha.

Kisa cha pili kilitokea tarehe 27 Juni 2017. Programu hasidi iliyopewa jina la NotPetya ilipenyezwa nchini Ukraine kupitia M.E.Doc, programu ya uhasibu iliyotumiwa na makampuni mengi ya huko. Februari 2018 Marekani na Uingereza zilililaumu jeshi la Urusi kwa tendo hilo. Shabaha ilikuwa Ukraine, lakini programu ile haikuulizwa pasipoti mpakani. Iliingia katika kampuni ya meli ya Maersk ya Denmark, ambayo haikuwa na ugomvi na mtu, ikakwamisha shughuli zake katika bandari kadhaa duniani. Kampuni hiyo ililazimika kuunda upya seva 4,000 na kompyuta 45,000, na hasara yake ilikadiriwa kuwa kati ya dola milioni 250 na milioni 300.

Kisa hicho kina kipande kinachotuhusu sisi Waafrika. Kumbukumbu muhimu zinazouongoza mtandao mzima wa Maersk zilikuwa zimefutika kila mahali isipokuwa katika ofisi moja nchini Ghana. Huko umeme ulikuwa umekatika kabla ya shambulio, na kompyuta yenye kumbukumbu hizo ilikuwa imezimika. Kifaa chenye data hiyo kikabebwa kwa mkono kutoka Ghana, kikapokezwa nchini Nigeria, kikafikishwa Uingereza ili kampuni ifufuliwe. Kampuni tajiri iliokolewa na kukatika kwa stima! Tuchekeapo hilo, tujiulize pia: je, shule yangu au ofisi yangu inayo nakala ya kumbukumbu zake iliyohifadhiwa mahali pasipofikiwa na mtandao, au nasi twangoja bahati ya giza?

Wala asije mtu akajifariji kwamba bima italipa. Kampuni ya dawa ya Merck, ambayo nayo iliathiriwa na NotPetya, ilipodai fidia ya takriban dola bilioni 1.4, wenye bima walikataa wakisema huo ulikuwa mkono wa vita, na vita havilipiwi. Mahakama za jimbo la New Jersey ziliamua kwa upande wa Merck, uamuzi wa rufaa ukitolewa mwaka wa 2023, na shauri likamalizwa kwa maafikiano Januari 2024. Lakini soko la bima la Lloyd's la London halikungoja hadi hapo. Lilitaka mikataba ya bima ya mtandaoni kuanzia 31 Machi 2023 iwe na vifungu vinavyoondoa hasara kubwa zitokanazo na mashambulizi yanayoungwa mkono na dola. Maana yake ni kwamba taasisi inaweza kuumizwa na vita vya wengine, kisha ikaambiwa kwamba kwa kuwa ni vita, ijiuguze yenyewe.

Sasa nije kwa akili bandia, yaani programu za kompyuta zilizofunzwa kwa maandishi, picha na sauti nyingi mno hata zikaweza kuandika, kuzungumza na kuunda picha kana kwamba ni binadamu. Mnamo Februari 2024 kampuni za Microsoft na OpenAI zilieleza kwamba makundi yanayohusishwa na serikali za Urusi, China, Iran na Korea Kaskazini yalikuwa yakizitumia programu hizo katika maandalizi yao ya udukuzi. Novemba 2025 kampuni ya Anthropic ya Marekani nayo ilitangaza kwamba kundi ililolihusisha na serikali ya China lilikuwa limetumia programu yake kujaribu kuingia katika taasisi zipatazo 30, na kwamba sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na mashine yenyewe, binadamu akiingilia mara chache tu. Kampuni hiyo ilikiri pia kwamba mashine haikukosa dosari: mara nyingine ilidai kupata nywila ambazo zilipojaribiwa hazikufanya kazi.

Ni kweli kwamba akili hiyo hiyo humsaidia mlinzi. Inaweza kukagua mamilioni ya mistari ya programu na kuonyesha nyufa kabla mwizi hajaziona. Lakini mlinzi anapaswa kuziba nyufa zote, ilhali mwizi anahitaji mmoja tu. Isitoshe, taasisi kubwa za nchi tajiri ndizo zitakazokuwa za kwanza kununua ulinzi huo. Shule ya kutwa ya mashinani, ambayo tarakilishi yake moja hutumiwa na karani, naibu wa mwalimu mkuu na mwenyekiti wa michezo kwa nywila moja iliyobandikwa ukutani, itabaki nyuma.

Kisa kinachonitia hofu kuliko vyote hakikuhitaji hata kuvunja programu. Mwanzoni mwa mwaka wa 2024 polisi wa Hong Kong walieleza jinsi mfanyakazi wa idara ya fedha alivyolaghaiwa akatuma dola milioni 200 za Hong Kong, karibu dola milioni 25 za Marekani. Baadaye ilifahamika kwamba mwajiri wake ni Arup, kampuni ya wahandisi ya Uingereza. Mfanyakazi huyo alikuwa amepokea ujumbe ukimtaka afanye malipo ya siri, akashuku. Lakini alipoalikwa katika mkutano wa video akamwona mkuu wake wa fedha na wenzake wengine wakizungumza, shaka ikamtoka. Akatuma pesa mara 15. Sura zote zile zilikuwa ghushi, zimeundwa kwa akili bandia.

Tazameni kwa makini alipoangukia mtu huyu. Shaka yake ya kwanza ilikuwa sahihi. Kilichomponza ni kuwaona wakubwa wake, na mbele ya wakubwa mtu huona haya kushuku. Sasa tujiulize mambo yangekuwaje hapa kwetu, ambako wengi hawangethubutu hata kuwa na shaka ile ya kwanza.

Nchini Kenya tunao msamiati wetu wa jambo hili: agizo kutoka juu. Likishatajwa, mazungumzo hukoma. Karani hulipa, mlinzi hufungua lango, mwalimu hutia sahihi. Hebu tufikirie mhasibu wa shule ya bweni anayepigiwa simu jioni, siku mbili baada ya wazazi kulipa karo. Sauti ni ya mwalimu mkuu, na hata kukohoa kwake ni kule kule. Inasema yuko mkutanini Nairobi, simu yake imeisha moto, anatumia ya mwenzake. Mwenye kuleta unga na maharagwe amebadilisha nambari ya akaunti, na asipolipwa usiku huu wanafunzi watalala njaa. Sauti ya mwalimu mkuu huyo si siri. Hotuba zake za siku ya wazazi zimo mtandaoni, zimewekwa na wazazi wenyewe kwa nia njema, na sekunde chache za sauti zinatosha kuiigiza. Mhasibu huyo atauliza swali? Na akiuliza, kesho atakuwa na kazi?

Kuna ngao nyingine ambayo sisi walimu wa lugha tulijivunia pasipo kujua kwamba ni ngao. Kwa miaka mingi tapeli alijifichua kwa lugha yake. Ujumbe wake ulijaa makosa ya tahajia, na barua zilizotafsiriwa kutoka lugha za kigeni zilivuruga ngeli hata mwanafunzi wa kidato cha kwanza akacheka. Mtu aliyeandikiwa "akaunti yako amefungwa" alijua mara moja kwamba mwandishi si wa benki. Siku hizi mashine huandika Kiswahili chenye upatanisho mzuri wa kisarufi. Inajua kuanza kwa "Bwana asifiwe" ikimwandikia muumini na kwa "Asalaam aleikum" ikimwandikia mwingine. Usanifu wa lugha, ambao ulikuwa dalili ya ukweli, haushuhudii tena chochote.

Hapo ndipo mambo haya mawili yanapokutana. Uhasama wa mataifa huongeza idadi ya watu wenye sababu ya kutushambulia hata pale ambapo hatukumkosea mtu, na akili bandia hupunguza gharama na ujuzi unaohitajika ili kufanya hivyo. Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya iliripoti kunasa vitisho vya mtandaoni zaidi ya bilioni 2.5 kati ya Januari na Machi 2025 pekee. Tarakimu hiyo isitutie kiwewe, kwa maana nyingi ya hodi hizo hupigwa na mashine na hukuta mlango umefungwa. Linalotupasa kujua ni nani aliyeko nyuma ya mlango, na kama ana ruhusa ya kuuliza "Nani?" kabla ya kufungua.

Najua yatakayosemwa dhidi yangu. Wapo watakaosema kwamba nafundisha utovu wa adabu, kwamba ofisi ambamo kila agizo linahojiwa haiwezi kufanya kazi. Nawajibu kwamba sisemi kila agizo lihojiwe. Nasema agizo la kutoa pesa, kutoa nywila au kutoa kumbukumbu za watu lithibitishwe kwa njia ya pili: mpokeaji akate simu, ampigie mkubwa wake kwa nambari anayoijua tangu zamani, kisha mtu wa pili aidhinishe. Wazee wetu hawakumwita mtu mkosefu wa heshima kwa kuitika hodi kwa swali. Mkubwa wa kweli hatapoteza chochote kwa kuthibitishiwa dakika tano. Atakayekasirika ni tapeli.

Wengine watasema tatizo ni fedha, na kwamba bila bajeti hakuna usalama. Fedha zinahitajika, sikatai. Lakini kupiga simu mara ya pili hakuhitaji zabuni. Kunakili kumbukumbu za shule kila wiki na kuzifungia kabatini, kisha kujaribu mara moja kwa muhula kama nakala hizo zinafunguka, ni gharama ya kifaa kidogo na nidhamu. Kuandaa daftari la karatasi litakalotumika siku mtandao utakapozimika ni gharama ndogo zaidi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na sasa hata daftari lenyewe laweza kupotea.

Kuna na ugonjwa wa kuficha. Taasisi ikidukuliwa, jambo la kwanza linalofanywa ni kutafuta karani wa kutolewa kafara, na la pili ni kunyamaza. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inamtaka mwenye kuhifadhi data za watu amjulishe Kamishna wa Data katika muda wa saa 72 data hizo zikiingiliwa kwa namna iwezayo kuwadhuru wenyewe. Lakini sheria haitafaa kitu iwapo mfanyakazi aliyebonyeza pasipofaa anajua kwamba kukiri ni kujifukuza kazi. Atanyamaza, na kila saa anayonyamaza mwizi anazidi kuzama ndani.

Maktaba ya Taifa ya Uingereza ilituonyesha njia nyingine. Iliposhambuliwa Oktoba 2023 na kundi la wahalifu, ilikataa kulipa fidia, nyaraka zake zikamwagwa mtandaoni, na watafiti wakakosa orodha ya vitabu kwa miezi. Hata hivyo, Machi 2024 ilichapisha ripoti ikieleza wazi ilipokuwa na udhaifu, ili maktaba nyingine zijifunze. Ni taasisi ngapi za humu nchini zingethubutu kufanya hivyo? Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Lakini utatiaje maji ikiwa kila anayenyolewa anavaa kofia?

Nawageukia walimu wenzangu. Usalama wa mtandaoni tumeuacha mikononi mwa mwalimu wa kompyuta, katika shule zilizo na bahati ya kuwa naye. Jambo hili si lake peke yake. Mwalimu wa Kiswahili anapofundisha ufahamu, na awape wanafunzi ujumbe wawili, mmoja wa kweli na mwingine wa tapeli, wachambue nani anasema, anataka nini na kwa nini ana haraka. Mwalimu wa historia anapofundisha uhusiano wa mataifa, na aeleze jinsi vita vya Sudan vilivyofika kwenye foleni ya pasipoti Nairobi. Nasi walimu sote tuanze kwa kutowaadhibu wanafunzi wanaotuuliza "Mwalimu, umejuaje?" Mtoto aliyenyamazishwa miaka kumi na miwili darasani hataota ulimi siku atakapoketi kwenye dawati la uhasibu.

Nanyi wanafunzi, ambao mwajua mitandao kuliko wazazi wenu, msidhani kuijua ni kuwa salama nayo. Neno la siri si zawadi ya urafiki. Picha na sauti ya mwalimu wako si mchezo wa kughushi ili mcheke bwenini, maana anayeanza kwa kuigiza sauti ya naibu wa mwalimu mkuu anajifunza kazi ya mhalifu, na Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka wa 2018 haina kifungu cha utani.

Kwa wakubwa wa taasisi nina ombi moja, na halihitaji kikao cha bodi. Wiki hii, mwite karani wako wa chini kabisa anayeshika fedha au kumbukumbu za watu. Mwambie mbele ya wenzake, kisha umwandikie kwa barua yenye sahihi yako, kwamba akipokea agizo kwa sauti yako au kwa sura yako la kutoa pesa au siri za taasisi, ana idhini ya kukataa mpaka alithibitishe, na kwamba hataadhibiwa kwa kuchelewa, hata ikiwa aliyempigia ulikuwa wewe kweli. Ukiona ugumu kuandika barua hiyo, basi umekwisha kujua mwizi atapitia wapi.